Kemia ya kuchagua jibu: anza na majibu yasiyo sahihi

Katika swali lenye chaguo nne, jibu sahihi ni moja na matatu ni mitego, nayo haikutegwa ovyo. Mtunzi mzuri hufanya hesabu kwa makosa yale yale ambayo wanafunzi huyafanya, kisha kila kosa hupewa herufi yake. Ndiyo maana ukikosea unalikuta jibu lako limeandikwa pale pale, na unalichagua bila wasiwasi wowote.

Tazama swali hili. Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti (Na₂CO₃) zimeyeyushwa katika maji, na ujazo wa myeyusho ukafikishwa cm³ 250. Ukolezi wake, yaani idadi ya moli (kipimo cha kiasi cha dutu) katika kila dm³, ni mol/dm³ ngapi? (Na = 23, C = 12, O = 16)

A. 0.0002  B. 0.0125  C. 0.05  D. 0.2

Moli moja ina gramu 46 + 12 + 48 = 106, kwa hiyo gramu 5.3 ni moli 0.05. Ujazo ni dm³ 0.25, yaani robo lita. Ukigawanya unapata 0.2, yaani D. Sasa waangalie waliopotea njiani. Wa C ameishia kwenye moli akadhani kazi imekwisha. Wa B amezidisha kwa 0.25 badala ya kugawanya. Wa A amegawanya kwa 250 bila kugeuza cm³ kuwa dm³. Ukishapata jibu, usihamie swali linalofuata mpaka uweze kutaja kosa lililozaa kila chaguo lingine. Maswali 15 ya namna hii yana faida kuliko 60 ya kukimbizana nayo. Tena, kama robo lita ina moli 0.05, lita nzima itakuwa na mara nne yake. A, B na C zinaanguka hata kabla hujagusa kikokotoo.

Unapofanyia mazoezi mitihani iliyopita, funika chaguo kwa kipande cha karatasi, andika jibu lako, kisha funua. Ukisoma chaguo kwanza, unajipima uwezo wa kutambua, si wa kukumbuka, na hapo ndipo wengi hudanganyika kwamba wameiva. Kila ulilokosa liingie daftarini pamoja na sababu yake: sikujua, nilisoma vibaya, au nilikokotoa vibaya. Lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukiona "nilisoma vibaya" inajaza ukurasa, kuongeza saa za kukariri hakutakusaidia, punguza mwendo.

Kusoma vibaya katika kemia mara nyingi ni suala la neno moja. Pitisha umeme katika sodiamu kloridi iliyoyeyushwa kwa joto: kathodi (ncha hasi) itatoa sodiamu. Pitisha katika myeyusho wake kolevu wa maji: kathodi itatoa hidrojeni na anodi (ncha chanya) klorini. Ukiuzimua sana kwa maji, anodi itatoa zaidi oksijeni. Chumvi ni ile ile, majibu matatu tofauti. Pigia mstari maneno kama "kolevu", "ziada", "isipokuwa" na "si kweli" kabla ya kutazama herufi.

Vipimo vya kutambua ioni (chembe zenye chaji) vinahitaji kukaririwa, hakuna ujanja. Chora jedwali kwa kichwa, bila kitabu, mpaka litoke lote. Sehemu inayochanganya zaidi ni mashapo meupe, yaani yabisi inayojitenga ndani ya myeyusho. Ukitumia sodiamu hidroksidi, mashapo ya zinki, alumini na risasi huyeyuka ukiizidisha. Ya kalsiamu hayayeyuki. Ukitumia myeyusho wa amonia, ya zinki pekee ndiyo huyeyuka kwenye ziada. Alumini na risasi utazitenganisha kwa potasiamu iodidi: risasi hutoa nayo mashapo ya njano.

Ndani ya chumba cha mtihani, pita mara mbili. Maswali 50 kwa dakika 60 ni sekunde 72 kila moja, lakini swali la alama ya elementi huchukua sekunde 15, na akiba hiyo ndiyo utakayoitumia kwenye moli. Swali likigoma baada ya dakika moja na nusu, liwekee alama uendelee.

Soma maelekezo kuhusu kukatwa alama. Kama kosa halikatwi, usiache swali tupu. Kama kila kosa linakata theluthi moja ya alama na chaguo ni nne, kubahatisha kipofu hakukupi faida wala hasara kwa wastani. Lakini ukiweza kuondoa hata chaguo moja kwa uhakika, bahatisha kati ya zilizobaki.

Ukiruka swali, ruka pia mstari wake kwenye karatasi ya majibu. Kila baada ya maswali 10, linganisha namba ya swali na namba unayoijaza. Mstari ukihama swali la 12 na usigundue mpaka la 40, utafuta majibu 29 kwa haraka, na mashine inaweza kusoma kivuli cha ufutaji mbaya kama jibu la pili.