Bajaji isirukeruke kwenye gemu: intapolesheni hatua kwa hatua

Wakuu, nina kigemu changu cha bajaji inayotoka Kabwe kwenda Uyole. Kwenye laptopu inateleza safi, ila nilivyompa dogo mmoja wa Mwanjelwa aijaribu kwenye simu yake akaniambia "bro, bajaji yako imelewa". Twende.

Hatua ya 1. Usiitoe bajaji x 100 (x ni mahali ilipo kwenye skrini, kwa pikseli) ukaitupa x 200 kwa fremu moja, yaani picha moja ya skrini; ipitishe katikati, ndo intapolesheni hiyo:

x = mwanzo + (mwisho - mwanzo) * t

t ni sehemu ya safari iliyokwisha, inaanza 0 inaishia 1. Ikiwa 0.25 bajaji ipo 125, ikiwa 0.5 ipo 150, ndo hivyo tu hakuna uchawi.

Hatua ya 2. Ukitaka iondoke taratibu na isimame taratibu, kama dereva aliyebeba mama na ndoo ya mayai, ibadilishe t kwanza: t = t * t * (3 - 2 * t). Imeisha hiyo.

Hatua ya 3, hapa ndo nilipigwa. Kamera, yaani kile kipande cha gemu kinachoonekana kwenye skrini, inaifuata bajaji, na mimi kila fremu nilikuwa naandika

kamera = kamera + (bajaji - kamera) * 0.1

yaani kila fremu inakula asilimia 10 ya umbali uliobaki. Sasa laptopu yangu inatoa fremu 60 kwa sekunde, simu ya dogo 30, piga hesabu bajaji imesimama pikseli 100 mbele: baada ya sekunde moja laptopu imebakiza pikseli 0.18, simu bado 4.2, na simu ikipata moto fremu zinapanda zinashuka kamera nayo inayumba. Siku mbili nasaka hilo kosa, baridi ya mwezi wa saba Mbeya vidole ganzi, nailaumu simu ya mtu bure. Dawa ni kuingiza dt, sekunde zilizopita tangu fremu ya mwisho:

kamera = kamera + (bajaji - kamera) * (1 - exp(-6.3 * dt))

exp ni ile namba e (karibu 2.718) ikipewa kipeo cha kilichomo kwenye mabano. Hiyo 6.3 inakupa karibu sawa na ile 0.1 ya fremu 60. Kamera ikiwa mvivu panda mpaka 10, ikiwa na papara shuka.

Hatua ya 4, kona. Pembe ikitoka 350 kwenda 10 fomula itaizungusha bajaji nyuzi 340 kinyumenyume wakati zilitakiwa 20 tu. Tafuta tofauti kwanza, ikizidi 180 toa 360, ikiwa chini ya -180 jumlisha 360, halafu ndo uzidishe na t.

Dogo kaijaribu tena, saa hizi analalamikia breki.