Kabla wavu haujagusa maji: maandalizi ya kijana anayekwenda kuwatafiti furu

Furu ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wa spishi nyingi sana, na dume mwekundu akitoka majini anang'aa kama kaa la moto. Akifa, rangi huanza kufifia, na akishakaa ndani ya spiriti unabaki na samaki wa kijivu anayefanana na ndugu zake wote. Kwa anayechunguza jinsi spishi moja inavyogawanyika kuwa nyingi, rangi ile ndiyo habari yenyewe. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wanaojiandaa kwenda Mwanza kwa utafiti wao wa kwanza: sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kupanda mtumbwi.

Lijue ziwa kwanza. Mashapo ya chini ya Ziwa Victoria yanaonyesha kwamba lilikauka, kisha likaanza kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Tangu hapo wametokea furu wa spishi zinazokadiriwa kufika 500, na kwa kipimo cha mageuzi ya viumbe huo ni muda wa kufumba na kufumbua. Halafu sangara, samaki mkubwa anayekula furu, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980. Furu wengi walitoweka hata hawajapewa jina la kisayansi. Hili naona uchungu kila ninapolisema, na lizingatie unapopanga idadi ya samaki utakaowaua.

Kisha ulikaze swali lako mpaka lionyeshe vifaa gani vya kubeba. Chukua mfano wa ndugu wawili wa kwenye mawe: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya buluu na kijivu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike wao hawatofautiani kirahisi. Penye maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, yule wa buluu hukaa karibu na uso wa maji na mwekundu hushuka chini zaidi, na jike humtambua mume kwa rangi. Maji yakichafuka, mwanga wa buluu hupotea haraka, rangi hazionekani vizuri, na hao wawili huanza kuzaliana. Sasa fikiria umerudi na mamia ya samaki bila kuandika kina wala uangavu wa maji. Umerudi na nini? Kamba yenye alama za mita na kisahani cheupe na cheusi unachokishusha mpaka kisionekane havigharimu kitu kikubwa. Vitangulie kwenye begi, hata kabla ya kompyuta.

Kwenye sampuli nitakawia kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huumia. Beba mafuta ya karafuu, uyachanganye kwanza na spiriti kidogo maana peke yake hayakubali maji. Hayo humlegeza samaki bila kumtesa. Mpige picha akiwa bado ana rangi zake, ndani ya kisanduku chembamba cha kioo chenye maji, pembeni kukiwa na kadi ya rangi na rula. Kata kipande kidogo cha pezi, kitie kwenye ethanoli isiyopungua asilimia 95, ndipo mwili uende kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi mizoga isioze. Ukigeuza utaratibu huo, formalini itaharibu vinasaba. Lebo andika kwa kalamu ya risasi, kwenye karatasi ngumu, na iingie ndani ya chupa. Safari yangu ya kwanza niliandika kwa kalamu ya wino juu ya chupa. Spiriti ikavuja njiani, na nilipofungua sanduku chupa 37 hazikuwa na jina. Samaki walikuwa wazima kabisa, ila sikuweza kusema yupi ametoka kisiwa kipi.

Karatasi za serikali zianze miezi kadhaa mapema. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Mtanzania hubeba barua ya chuo inayopitia mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kama sampuli zitatoka nje ya nchi, huo ni mlolongo mwingine. Na usisahau wavu wenyewe: furu ni wadogo, wavu wa macho madogo huweza kukutia hatiani kama mvuvi haramu, hivyo nakala ya kibali ikae mtumbwini.

Ukifika mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, kabla hujashusha mzigo. Keti na wavuvi wazee, waonyeshe picha, uliza furu huyu alikuwa akipatikana wapi enzi zao. Nimeona mzee akipanga furu juu ya ubao wa mtumbwi kwa umbo la taya, bila kugusa kitabu chochote, na mpangilio wake ukawa karibu sawa na wa maabara. Malipo yao weka kwenye bajeti tangu mwanzo.

Jaketi la kuokolea liwe la kila mtu, pamoja na nahodha, kwa kuwa upepo wa ziwani hubadilika ghafla. Kuna pia kichocho. Dawa yake, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga huweza kupona, kwa hiyo upimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji mara ya mwisho. Tarehe hiyo iandike kwenye kalenda kabla hujaondoka nyumbani.