Pikipiki Inayochemka na Kutoa Moshi Baada ya Injini Kufanywa Upya
Kabla ya kuirudisha pikipiki kwa fundi, iwashe asubuhi injini ikiwa imepoa: moshi wa bluu unaotoka mwanzoni kisha ukakatika huelekeza kwenye sili za valvu (vizuizi vidogo vya oili kwenye valvu), ilhali ule unaozidi kila unapoongeza mwendo ukipanda mlima huelekeza kwenye ringi (pete za pistoni) au silinda. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Kuhusu kuchemka, fungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Ikiwa nyeupe kabisa mdomoni, huenda hewa imezidi petroli, na mara nyingi hewa hiyo huingilia kwenye kiungio cha kabureta (kinachochanganya hewa na petroli) na injini. Kwa vumbi letu la Dodoma, nawasihi kichujio cha hewa kisiondolewe hata siku moja, kwa kuwa mchanga huikwangua silinda mpya kabla ringi hazijazoeana nayo.