Somo: Kuchagua pampu ya mafuta ya umeme kwa gari la zamani la kabureta

Wakuu, salaam kutoka Arusha. Wenye Land Rover Series, Peugeot 504 na Volkswagen za zamani wananiuliza sana: pampu ya injini imechoka, nifunge ya umeme gani? Naeleza kwa kirefu pale penye hatari, kwa sababu pampu isiyofaa inaweza kuunguza gari na aliyemo ndani.

Hatua ya 1: Hakikisha mbovu ni pampu. Pampu ya asili kwa kawaida inaendeshwa na kemshafti (shafti ya injini inayofungua valvu) na ndani ina dayaframu, yaani kiwambo chembamba cha mpira. Dayaframu ikichanika, petroli inashukia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Kikinuka petroli, usiwashe tena mpaka umwage oili yote. Kama hakinuki, angalia chujio, mipira iliyopasuka, na tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi. Tundu hilo likiziba, gari hutembea kidogo halafu linakosa mafuta. Ukifungua mfuniko unasikia hewa ikiingia kwa kasi, na gari linawaka kama kawaida. Ikiwa ni dayaframu tu na vipuri vyake vinapatikana, mimi ningeitengeneza hiyo hiyo.

Ya umeme inastahili gharama kwa gari linalokaa wiki nyingi bila kuwashwa, au linalosumbuliwa na mvuke. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo petroli inavyochemka kwa joto dogo zaidi. Gari linapopanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, jua la mchana, gia ndogo, petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba. Pampu iliyoko mbele kwenye injini haiwezi kuuvuta mvuke. Pampu iliyoko karibu na tangi inayasukuma mafuta, na mafuta yenye presha hayachemki upesi.

Hatua ya 2: Presha. Ukisahau yote, shika hili. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nyingi za magari yetu zinataka psi 2 hadi 4 (psi ni kipimo cha presha). Kwa kabureta za SU na Weber lenga 3. Ndani ya kabureta floti (boya dogo) hupanda na mafuta na kusukuma sindano izibe tundu yakitosha. Nguvu ya floti ni ndogo mno. Presha ikizidi, sindano inashindwa kuziba, mafuta yanafurika na kumwagikia egzosi ya moto. Sasa, pampu za magari ya EFI (yanayopulizia petroli kwa umeme, bila kabureta), ambazo ndizo zimejaa madukani, hutoa psi 40 na zaidi. Ukiambiwa "itaingia tu, utafunga regyuleta" (kifaa cha kupunguza presha), kataa. Regyuleta ndogo ya kabureta haikuundwa kubeba presha hiyo. Nakuomba sana, kataa.

Hatua ya 3: Wingi wa mafuta. Hapa watu wanahofu bure. Injini ya petroli ikikanyagwa mpaka mwisho hula takriban theluthi ya lita kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Land Rover ya nguvu farasi 70 inahitaji kama lita 23 kwa saa. Pampu ya lita 60 kwa saa inatosha na kubaki.

Hatua ya 4: Aina na volti. Ziko pampu za mzunguko, na za kugonga, yaani zinazosukuma mafuta kwa mapigo. Napendelea za kugonga: kabureta ikijaa, zinapunguza mapigo zenyewe. Pampu za SU za asili ni nzuri pia, ila zile zenye pointi zinahitaji kusafishwa kama pointi za distribyuta. Soma volti, na kwa magari ya Kiingereza ya zamani angalia kama betri imefungwa chanya kwenye bodi, maana pampu nyingi za kisasa hazivumilii kugeuziwa nyaya.

Hatua ya 5: Kufunga. Iwe karibu na tangi, usawa wa sakafu ya tangi au chini yake, mbali na egzosi. Chujio kabla ya pampu, jingine kabla ya kabureta. Tumia mipira ya petroli, si ya maji.

Hatua ya 6: Umeme. Usiivutie pampu umeme moja kwa moja kutoka swichi ya funguo. Gari likipinduka barabara ya Himo na swichi iko on, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya watu waliobanwa ndani. Weka fyuzi, rilei, na swichi ya presha ya oili inayokata pampu injini ikizima. Kwenye kuwasha, kabla presha ya oili haijapanda, pampu ipate umeme kupitia waya wa stata. Ongeza swichi ya mshtuko, inayokata gari linapogonga.

Mwisho pima: presha kwa geji karibu na kabureta, kisha mimina kwenye chombo kwa dakika moja, injini ikiwa imepoa. Nusu lita ni sawa na lita 30 kwa saa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Moshi:* Shikamoo mkuu. Nina Beetle ya 1965. Nifunge pampu nyuma, karibu na injini?

*Jibu:* Marahaba. Hapana, tangi lako liko mbele, pampu ikae mbele chini yake. Halafu pima betri kwanza: Beetle za miaka hiyo zilitoka na volti 6. Kama haijabadilishwa, pampu ya volti 12 itagonga kwa unyonge tu.

*Mwanachama, Usa River:* Kaka, naweza kuacha pampu ya zamani mahali pake, mafuta yapite humo humo?

*Jibu:* Usifanye hivyo, ndugu yangu. Dayaframu ya zamani ikichanika, pampu ya umeme itaijaza petroli kwenye oili bila kusimama. Itoe, ziba tundu kwa bamba na gasketi.

*Mwanachama, Ngaramtoni:* Yangu inagonga haraka haraka haiachi, na gari linamisi mlimani.

*Jibu:* Inavuta hewa. Kaza klipu zote kati ya tangi na pampu, badilisha mpira wa upande huo, angalia chujio la kwanza. Ikiendelea, chomoa bomba la ndani ya tangi; kwenye matangi ya miaka hiyo kutu huwa inalitoboa juu, na likitoboka pampu inavuta hewa tangi likiwa nusu.