Kutunza maji ya kobe wa maji, Arusha na Moshi

Tangi likianza kunuka, wengi humwaga maji yote, wakasugua vioo kwa sabuni na kufua sponji bombani mpaka iwe kama mpya. Siku chache baadaye harufu inarudi, na kali kuliko ya kwanza. Uchafu unaosumbua hauonekani kwa macho: ni amonia, itokayo kwenye mkojo, kinyesi na mabaki ya chakula. Wanaoimaliza ni bakteria waliojishika ndani ya filta. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikibaki kidogo. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kuwajenga bakteria hao. Sabuni na klorini huwaua, ndiyo maana aliyesafisha sana anaanza upya kila mara.

Ukubwa kwanza. Kadiria lita 40 kwa kila sentimita 2.5 za urefu wa gamba. Kobe wa sentimita 10 anahitaji kama lita 160, yaani tangi la sentimita 90 kwa 45 lililojazwa maji kimo cha sentimita 40. Ukimweka kwenye beseni la kufulia, umempa choo cha kuogelea. Hakuna filta itakayolimudu.

Pampu izungushe maji yote mara mbili au tatu kwa saa, kwa hiyo kwa lita 160 tafuta ya lita 320 hadi 480 kwa saa. Usiamini sana boksi linalosema filta inatosha tangi la lita 160, kwa kuwa hesabu hiyo ni ya samaki, na kobe huchafua zaidi. Ndani ya filta maji yapite kwanza kwenye sponji nzito inayokamata taka, kisha kwenye mawe yenye vitundu, ambako bakteria hukaa. Hapa tumebarikiwa: kokoto nyepesi za volkano zimejaa pande za Meru na Kilimanjaro. Chagua za ukubwa wa punje ya korosho, zioshe mpaka maji yatoke bila vumbi, zichemshe dakika 20, zipoe, basi. Ziweke ndani ya filta tu. Sakafu ya tangi iache tupu, maana kobe humeza changarawe, na taka hujificha chini yake.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo pana bila mfuniko kwa saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuyalaza huondoa klorini tu. Floraidi, inayojulikana sana kwenye maji ya Arusha, haiondoki hivyo, na ukiyachemsha huzidi kukolea.

Maji mengi ya miteremko ya Meru yana magadi, yanayopandisha pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji), na jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Amonia huwa na ukali zaidi pH inapopanda: kwa nyuzi 25, sehemu yake iliyo sumu kwenye pH 8 ni karibu mara tisa ya ile ya pH 7. Kwa hiyo usiridhike na "amonia kidogo tu". Pima kila wiki kwa vipimo vya matone: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati chini ya miligramu 40 kwa lita. Nitrati ikipanda, badilisha maji zaidi. Amonia ikionekana, punguza chakula na badilisha robo ya maji kila siku mpaka itoweke.

Kazi ya kila wiki ni kutoa robo hadi theluthi ya maji. Chomoa hita (kifaa cha kupasha maji) kwanza, kwani ikibaki hewani ikiwa moto kioo chake hupasuka. Jaza maji mpira wa bomba, ncha moja iwe ndani ya tangi, nyingine uizibe kwa kidole, kisha uiachie kwenye ndoo iliyo chini ya tangi. Usivute kwa mdomo, kobe hubeba Salmonella, bakteria wanaoharisha watu. Pitisha ncha polepole pembeni na chini ya jukwaa la kuota jua, maana taka hujikusanya huko. Sponji ikamulie ndani ya maji hayo uliyoyatoa, mara mbili tatu, kisha irudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Mawe yasuuze kila baada ya miezi miwili, nayo kwa maji ya tangi.

Chakula ndicho chanzo cha kila kitu. Mlishie kwenye beseni tofauti, mwache dakika 20, kisha mrudishe. Dagaa wakavu huacha mafuta juu ya maji; mchicha na matembele hayana shida hiyo.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria walio ndani ya filta iliyofungwa hukosa oksijeni na kufa. Usiiwashe tu umeme ukirudi: ifungue, mwaga maji yaliyooza ndani, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Mwezi wa sita na wa saba usiku huwa baridi, hivyo hita yenye kinga ya plastiki ibakize maji kati ya nyuzi 24 na 27. Bila kinga, kobe ataivunja.

Maji meupe kama ya mchele kwenye tangi jipya hujisafisha yenyewe. Ya kijani yanaomba kivuli. Macho yakivimba au gamba likiwa na madoa laini, pima maji siku hiyohiyo na umwone daktari wa mifugo.

Maji machafu mwagia migomba, si mboga za kachumbari, wala usiyamwage kwenye mfongo (mfereji wa maji) ambao wengine huteka chini yake. Kisha nawa kwa sabuni, mbali na sinki la jikoni.