Kugundua baridi yabisi mapema: jinsi ninavyopima viungo vya mikono

Mgonjwa anakuja na vidole vinavyouma. Eksirei iko safi, vipimo vya damu havina neno, basi anaambiwa hana kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mtu hivyo. Aliporudi baada ya miezi, mfupa kwenye kifundo cha kidole chake cha shahada ulikuwa umeshaanza kuliwa na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Siku hizi karatasi za maabara nazifungua mwisho.

Hatua ya 1: Uliza kuhusu asubuhi

Usiulize "Je, vidole vinakakamaa?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza hivi: "Ukishaamka, inachukua muda gani mpaka uweze kufunga vifungo vya shati?" Viungo vilivyochakaa kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kwisha. Ikizidi nusu saa, shuku. Ikifika saa nzima, shuku zaidi. Uliza pia kama pete imeanza kubana, na kama ametumia prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) karibuni, maana dawa hiyo huweza kuuficha uvimbe unaoutafuta.

Hatua ya 2: Tazama ngumi

Mwambie akunje ngumi zote mbili, migongo ya viganja ikitazama juu. Kati ya vifundo vikubwa vya ngumi pana vibonde. Kibonde kilichojaa upande mmoja na kubaki wazi upande wa pili kinakuambia uanzie wapi. Angalia pia kama ncha za vidole zinafika kiganjani.

Hatua ya 3: Bana kiganja

Zungusha mkono wako kwenye vifundo vinne vya ngumi, ubane taratibu kama unayesalimia. Macho yako yawe usoni mwake, kwani uso hukunjana kabla mdomo haujasema. Asipoumia, usimwachie hapo, endelea.

Hatua ya 4: Shika kiungo kimoja kimoja

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kwa viungo vya katikati ya vidole, gumba na shahada vya mkono wako mmoja vishike kiungo ubavuni, vya mkono wa pili vikishike juu na chini. Vya juu na chini vikibonyeza, vya ubavuni visikilize: kama kuna majimaji, utahisi yanakusukuma. Bonyeza mpaka ukucha wako uanze kuwa mweupe, basi. Ukizidisha, maumivu utakuwa umeyaleta wewe.

Kwa vifundo vya ngumi, vidole vyake viwe vimekunjwa kiasi. Weka gumba zako pande mbili za kano inayopita juu, utafute ukingo wa kiungo. Ukingo wa kiungo kizima hukatika wazi chini ya kidole. Wa kiungo kilichovimba umezibwa na kitu laini kinachobonyea, kama zabibu iliyoiva. Kidole cha shahada na cha kati ndivyo ninavyovichunguza zaidi. Kisha pitisha gumba mgongoni mwa kifundo cha mkono.

Uvimbe mgumu kama kokoto, hasa kwenye kiungo kilicho karibu na ukucha, mara nyingi ni uchakavu. Baridi yabisi kwa kawaida hukiacha kiungo hicho. Kikiwa kimevimba laini na kucha zina vishimo, fikiria athritisi ya sorayasisi, yaani uvimbe wa viungo unaokuja na ugonjwa wa ngozi uitwao sorayasisi. Kiungo kimoja kilichowaka moto ghafla ni habari nyingine: huenda ni jongo au maambukizi, na maambukizi hayasubiri hata kesho.

Hatua ya 5: Sasa fungua karatasi

RF, kingamwili inayopimwa kwenye damu kutafuta baridi yabisi, huweza kuonekana hata kwa mwenye homa ya ini aina ya C. Kingamwili za anti-CCP zinaaminika zaidi, na huweza kuwamo mwilini miaka kadhaa kabla ya kiungo kuvimba. Lakini wapo wagonjwa wasio na hata kimoja kati ya viwili hivyo. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, navyo huweza kuwa vya kawaida. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vinahitaji alama 6 kati ya 10 ili useme ni baridi yabisi, ila huruhusiwi hata kuanza kuhesabu kama hujakuta angalau kiungo kimoja kilichovimba, tena kisicho na sababu nyingine inayoeleweka zaidi.

Hatua ya 6: Ukiwa na shaka, ultrasaundi

Weka jeli nyingi, kifaa kielee juu yake. Ukikikandamiza, mishipa midogo ya damu hubanwa na rangi ya Dopla, inayoonyesha damu inapopita, hupotea, uandike "hakuna uvimbe" juu ya kiungo kinachowaka.

Hatua ya 7: Mpeleke

Mgonjwa afike kwa mtaalamu wa viungo ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na dawa za kuudhibiti ugonjwa zianze kabla ya miezi 3 kwisha. Kwenye barua chora mikono miwili, tia alama kila kiungo ulichokuta kimevimba, na andika tarehe maumivu yalipoanza. Usiandike tu "vidole vinauma".