Kabla ya kununua godoro jipya: kupanga chumba cha kulala kwenye joto la Dar

Mimi ni fundi vitanda, Keko. Mteja akiniambia halali, kwanza hulaumu godoro. Nikienda kwake kufunga kitanda nakuta godoro zima kabisa, ila chumba kimepangwa kwa kufuata soketi ya televisheni. Haya ninayoandika ni ya chumba cha kupanga, tofali za saruji, bati juu, hapa Dar. Tanga na Mombasa yatawafaa pia. Aliye Makete, kwenye baridi ya milimani, ana shida nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Chagua ukuta wa kichwa

Jua la alasiri hupiga ukuta wa magharibi, tofali zinanyonya joto halafu zinalitoa usiku kucha. Weka kiganja pale saa tatu usiku utaamini. Kwa hiyo kichwa kiende mashariki. Na wanaoshika sunna wala hawapotezi kitu: kutoka Dar, Makka iko karibu kaskazini kabisa, hivyo ukilala ubavu wa kulia kichwa kikiwa mashariki, uso unaelekea kibla na miguu hainyooshwi huko. Mama mmoja wa Temeke niliyemgeuzia kitanda majuzi akaniuliza, "Fundi, si ndivyo tunavyolazwa kaburini?" Nikamwambia, "Ndivyo, mama, ila hapa asubuhi unaamka." Akacheka, tukaendelea na kazi.

Kulala ubavu kuna faida nyingine. Jinamizi, lile la kukukandamiza kifua ukiwa macho na kidole hakisogei, huwapata zaidi wanaolala chali. Uite shetani, uite akili iliyoamka kabla ya mwili, dawa ya kwanza ni kugeuka.

Hatua ya 2: Miguu na mlango

Maiti hutolewa miguu mbele, kwa hiyo wengi hawataki miguu itazame mlango. Sibishani nao. Sukuma kitanda pembeni. Na taa ya korido nayo itaacha kukupiga usoni.

Hatua ya 3: Dirisha

Desemba hadi Machi, joto likiwa kali, upepo ni kaskazi. Dirisha la upande wa kaskazini au mashariki lisizibwe na kabati. Pazia zito livue, funga kanga.

Hatua ya 4: Chandarua chini ya pangaboi

Hapa ndipo watu hushindwa, wakaishia kuchagua kati ya mbu na joto. Chandarua cha mviringo sikipendi na sitakifunga kwako: kinataka ndoano katikati ya dari, mahali palepale penye pangaboi, na ukikisogeza pembeni kinakulalia usoni. Mbu anauma kupitia kitambaa kilichogusa ngozi. Nunua cha pembe nne, kikubwa kuliko kitanda: kitanda cha tano kwa sita, chandarua cha sita kwa sita.

Usikining'inize kwenye jipsamu. Ndoano itashika siku mbili, ya tatu inashuka na kipande cha dari. Kamba za ukutani zinawezekana, lakini zikilegea kidogo chandarua kinabonyea katikati, na kikipeperushwa kikafika kwenye panga umekwisha. Mimi hufunga miti minne kwenye miguu ya kitanda, na fremu juu yake, futi sita kutoka sakafuni. Vyandarua vingi vina kimo cha sentimita 180, na chaga, zile mbao zinazobeba godoro, huwa kama sentimita 40 kutoka chini; hesabu hiyo inakuachia zaidi ya futi moja ya kuchomeka chini ya godoro. Chomeka pande zote, hata ya ukutani. Kabla ya kukata miti pima urefu wa panga kutoka sakafuni. Likiwa chini sana, liondoe, tumia feni ya kusimama ikipuliza kutoka upande wa miguu.

Upepo utapungua, usidanganywe. Ongeza spidi moja.

Chandarua chenye dawa ukikitoa kwenye mfuko, kitandaze kivulini saa 24 kwanza, la sivyo ngozi na macho vitawasha. Kifue kwa sabuni ya kawaida tu, kianikwe kivulini, maana jua linaua dawa.

Hatua ya 5: Kioo

Kama kinatazama kitanda, funika au geuza. Wazee wana sababu zao. Yangu ni kwamba ukiamka usiku ukajiona, unashtuka.

Hatua ya 6: Udi na ubani

Fukiza wakati wa magharibi, madirisha wazi, halafu chetezo kitoke nje. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa yanaua bila harufu, na hilo halina mjadala wa imani.

Hatua ya 7: Kukung'uta

Hadithi ya Mtume inafundisha kukung'uta tandiko kabla ya kulala. Fanya hivyo, na acha nafasi ya kiganja kati ya kitanda na ukuta, maana kunguni hujificha kwenye nyufa. Ukiwakuta kwenye chaga, zitoe nje zimwagie maji yaliyochemka. Dawa za kupuliza za mtaani nimeshuhudia zikiwahamisha tu, kutoka chaga hadi kabati.